Matibabu kupitia tundu la sindano: Si kila uvimbe, kizibo au usaha unahitaji upasuaji mkubwa

Mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda cha mguu kisichopona, mama anayevuja damu nyingi kila mwezi kwa sababu ya uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, na mzee ambaye figo zake zimeziba, wote huwa na hofu moja wanapoambiwa waende hospitali ya rufaa. Wanaogopa kisu. Baadhi huahirisha safari kwa wiki kadhaa, wengine hujaribu dawa zinazouzwa sokoni. Wanapofika hospitalini hatimaye, mguu huwa umeoza au figo zimeshindwa kufanya kazi.

Jambo ambalo wakazi wengi wa kaunti hii hawajaelezwa ni kwamba baadhi ya magonjwa hayo yanaweza kutibiwa bila mwili kupasuliwa. Daktari hutoboa tundu dogo kwenye ngozi, akapitisha sindano, waya na mrija mwembamba, huku akifuatilia kila hatua kwenye skrini ya mashine ya picha. Tawi hili la utabibu huitwa radiolojia ya tiba. Taarifa hii inaeleza jinsi matibabu hayo yanavyofanyika, magonjwa yanayotibiwa, hatari zake, na namna mkazi anavyoweza kupata rufaa kabla ya muda kumpita.

Picha inayoongoza mkono

Wananchi wengi wanaijua radiolojia kama chumba cha kupigia eksirei. Mgonjwa hupigwa picha, hupewa majibu, kisha hurudi kwa daktari aliyemtuma. Katika radiolojia ya tiba, picha hiyo hiyo hutumika kuongoza mkono wa daktari wakati anapotibu.

Mashine zinazotumika ni za aina tatu hasa. Ya kwanza ni altrasaundi, ile ile inayotumiwa kuchunguza akina mama wajawazito. Haina mionzi, na inaonyesha vizuri maji, usaha na mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Ya pili ni mashine ya CT, inayoonyesha mwili vipande kwa vipande na kumsaidia daktari kufikia sehemu za ndani zaidi. Ya tatu ni mashine ya eksirei inayotoa picha zinazosonga kama video. Hii hutumika hasa kwenye mishipa ya damu, baada ya mgonjwa kudungwa dawa ya rangi inayofanya mishipa ionekane.

Hatua za msingi hufanana katika taratibu nyingi. Ngozi husafishwa na sehemu ndogo hutiwa ganzi. Daktari huingiza sindano hadi mahali panapohitajika, kisha hupitisha waya laini ndani ya sindano hiyo. Sindano hutolewa, waya hubaki. Mrija mwembamba, mara nyingi wenye upana usiozidi milimita 2 au 3, husukumwa juu ya waya hadi ndani. Waya nao hutolewa, na mrija hubaki ukiwa njia ya kutolea usaha, kupitishia dawa au kufikisha vifaa vingine. Njia hii ya sindano, waya na mrija ilielezwa mwaka 1953 na daktari Sven-Ivar Seldinger wa Uswidi, na ingali inatumika kote duniani.

Mgonjwa mara nyingi huwa macho au hupewa dawa ya kumtuliza tu. Kwa baadhi ya taratibu, na kwa watoto wadogo, dawa ya usingizi hutumika.

Mguu uliokataliwa kukatwa

Matibabu haya si mapya wala si ya majaribio. Mnamo Januari 16, 1964, mjini Portland nchini Marekani, daktari wa radiolojia Charles Dotter alimtibu mwanamke wa miaka 82 ambaye mguu wake ulikuwa umeanza kuoza kwa kukosa damu. Madaktari walikuwa wameshauri mguu ukatwe, naye akakataa. Dotter alipitisha waya na mirija ndani ya mshipa wa paja na kuupanua mahali ulipokuwa umebana. Damu ilianza kupita, mguu ukapona, na mwanamke huyo aliishi zaidi ya miaka 2 akiwa na miguu yake yote miwili.

Miaka 10 baadaye, daktari Andreas Grüntzig, akiwa Zurich nchini Uswisi, alianza kutumia puto dogo lililofungwa kwenye ncha ya mrija ili kupanua mishipa ya miguu. Mwaka 1977 alitumia njia hiyo kwenye mshipa wa moyo. Leo madaktari wa moyo huitumia kila siku kwa wagonjwa wenye mshtuko wa moyo.

Magonjwa yanayoweza kutibiwa

Usaha na maji ya ndani. Jipu linaweza kuota ndani ya ini, tumboni baada ya kidole tumbo kupasuka, au katika misuli ya mgongo. Zamani, jipu kama hilo lilimaanisha tumbo kufunguliwa. Siku hizi, likionekana vizuri kwenye picha na likiwa mahali panapofikika, daktari anaweza kuingiza mrija na usaha ukatiririka kwenye mfuko kwa siku kadhaa huku mgonjwa akipewa dawa za kuua viini. Maji yaliyojaa kuzunguka pafu au tumboni hutolewa kwa njia kama hiyo.

Kuchukua kipande cha uvimbe. Hakuna daktari anayeweza kuanza matibabu ya saratani kwa kukisia. Ni lazima kipande kidogo cha uvimbe kichukuliwe na kupimwa maabara. Kwa kuongozwa na altrasaundi au CT, sindano inaweza kufika kwenye titi, ini, figo au pafu na kutoa kipande hicho bila upasuaji. Ipo imani kwamba kugusa uvimbe kwa sindano "huusambaza". Imani hiyo imewachelewesha wagonjwa wengi. Uwezekano wa jambo hilo kutokea ni mdogo sana, ilhali kukaa bila kujua ugonjwa ni hatari kubwa.

Figo zilizoziba. Mkojo hushuka kutoka kwenye figo hadi kibofu kupitia mirija miwili membamba. Mawe ya figo yanaweza kuiziba, na pia saratani ya mlango wa kizazi inapoenea, ugonjwa ambao ni miongoni mwa saratani zinazoua wanawake wengi zaidi nchini Kenya. Mkojo ukikosa njia, figo huvimba na kuanza kufa. Daktari anaweza kuingiza mrija kupitia mgongoni hadi ndani ya figo, na mkojo ukatokea kwenye mfuko wa nje. Kizibo kikiondolewa mapema, figo nyingi hurudia kazi yake na mgonjwa anaweza kuendelea na matibabu ya saratani. Ikipita wiki nyingi, uharibifu huwa wa kudumu. Mgonjwa mwenye figo iliyoziba na homa kali ni wa dharura, na hafai kusubiri hadi siku ya kliniki.

Mishipa ya miguu iliyobana. Kisukari, shinikizo la damu na uvutaji sigara huharibu mishipa ya damu ya miguu. Mgonjwa huhisi maumivu kwenye misuli ya mguu anapotembea, yakatulia anapopumzika. Baadaye maumivu huja hata usiku, mguu huwa baridi, na kidonda kidogo cha kidole hukataa kupona. Baadhi ya wagonjwa wa kisukari hawahisi maumivu kabisa kwa sababu neva zao zimekufa ganzi, na hao ndio walio katika hatari zaidi. Mshipa ukichunguzwa mapema, unaweza kupanuliwa kwa puto au kuwekewa stenti, yaani bomba dogo la wavu wa chuma linaloushikilia wazi. Nyama iliyokwisha kufa haiwezi kurudishiwa uhai kwa njia yoyote.

Fibroidi. Uvimbe huu wa mfuko wa uzazi si saratani, lakini unaweza kumvujisha mwanamke damu hadi akakosa nguvu za kufanya kazi. Daktari hupitisha mrija kwenye mshipa wa kinena au wa kifundo cha mkono, akaufikisha kwenye mishipa inayolisha mfuko wa uzazi, kisha huachilia punje ndogo zisizofika milimita 1 ili kuziba mishipa hiyo. Fibroidi hukosa damu na kusinyaa polepole kwa miezi kadhaa. Mfuko wa uzazi haukatwi. Siku ya kwanza huwa na maumivu makali yanayohitaji dawa. Mwanamke anayetaka kupata watoto anapaswa kulizungumza jambo hilo na daktari wake mapema, kwa kuwa kwake upasuaji wa kutoa fibroidi peke yake mara nyingi ndio unaopendekezwa.

Kuvuja damu kusikokoma. Mbinu hiyo ya kuziba mshipa hutumika pia kuokoa maisha pale damu inapovuja baada ya kujifungua, baada ya ajali iliyojeruhi ini au nyonga, au kutoka tumboni. Hata hivyo, hufaa tu pale ambapo mtaalamu na mashine viko karibu na mgonjwa anaweza kuhimili safari. Pasipo hivyo, upasuaji wa haraka ndio unaookoa maisha, na familia haipaswi kuuchelewesha ikitafuta njia nyingine.

Saratani ya ini na mfereji wa nyongo. Baadhi ya vivimbe vya ini huchomwa kwa joto kupitia sindano, au hupelekewa dawa moja kwa moja kwenye mshipa unaovilisha. Mgonjwa ambaye macho yamekuwa manjano na ngozi inamwasha kwa sababu nyongo imeziba anaweza kuwekewa mrija au stenti ili nyongo ipite. Hilo huenda lisiponye saratani, lakini humpunguzia mateso na kumwezesha kupokea matibabu mengine.

Wagonjwa wa kusafishwa damu. Wanaohudhuria huduma za kusafisha damu huhitaji njia ya kufikia mishipa yao mara kwa mara. Kuweka mrija shingoni kwa kuongozwa na altrasaundi hupunguza hatari ya kudunga mshipa usiofaa. Fistula ya mkono iliyobana inaweza pia kupanuliwa kwa puto badala ya kutengenezwa upya.

Hatari na mipaka yake

Tundu kuwa dogo hakumaanishi kwamba hakuna hatari. Mgonjwa anaweza kuvuja damu, kupata maambukizi, kupata mzio kutokana na dawa ya rangi, au kiungo kilicho karibu kikajeruhiwa. Dawa ya rangi inaweza kuzidisha tatizo kwa mtu ambaye figo zake tayari ni dhaifu. Taratibu za eksirei na CT hutumia mionzi, ndiyo maana mwanamke anayeweza kuwa mjamzito anapaswa kusema hivyo mapema.

Yapo pia magonjwa ambayo upasuaji wa kawaida unabaki kuwa tiba bora. Kidole tumbo kilichovimba, utumbo uliojisokota na saratani nyingi zinazoweza kuondolewa kabisa huhitaji daktari wa upasuaji. Mtaalamu mwadilifu atamweleza mgonjwa njia zote zilizopo, ikiwemo ile ambayo yeye mwenyewe haifanyi.

Rufaa huanzia karibu na nyumbani

Matibabu haya hayahitaji yote safari ya Nairobi. Mpango wa kitaifa wa vifaa vya matibabu ulioanza mwaka 2015 ulifikisha mashine za picha katika hospitali za kaunti zote 47. Kutoa maji au usaha na kuchukua kipande cha uvimbe kwa kuongozwa na altrasaundi ni taratibu zinazoweza kufanyika katika hospitali ya rufaa ya kaunti iwapo ina daktari aliyefunzwa. Swali la kwanza la mgonjwa liwe, "Je, huduma hii inapatikana hapa, na kama haipo, iliyo karibu ni wapi?"

Kazi ngumu zaidi za mishipa ya damu hufanyika katika hospitali chache kubwa, zikiwemo Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na baadhi ya hospitali za kibinafsi jijini Nairobi. Wataalamu wa fani hii bado ni wachache katika ukanda mzima wa Afrika Mashariki, ingawa mafunzo yanapanuka. Nchini Tanzania, kwa mfano, Chuo Kikuu cha Muhimbili kinatoa shahada ya uzamili katika radiolojia ya tiba. Kwa sababu ya uchache huo, foleni inaweza kuwa ndefu, na kila wiki inayopotea nyumbani huongezwa kwenye wiki za kusubiri.

Mkazi mwenye dalili aanzie kwa mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake au katika zahanati iliyo karibu. Wahamasishaji wa afya waliopewa vifaa na serikali kuanzia mwaka 2023 wanaweza kupima sukari na shinikizo la damu nyumbani, na kumwelekeza mgonjwa kituoni. Kutoka hapo, mhudumu huandika barua ya rufaa. Mgonjwa anayekwenda bila barua mara nyingi huanza upya vipimo alivyokwisha kulipia.

Kuhusu malipo, kila mkazi anahimizwa kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kupiga *147# na kukamilisha malipo ya mchango wake kabla ya kuugua. Si kila utaratibu hulipiwa kwa kiwango sawa. Kwa hivyo, kabla ya kupanga tarehe, mgonjwa amuulize afisa wa SHA hospitalini ni kiasi gani kitalipwa na ni kipi kitabaki kwa familia, na apate jibu hilo kwa maandishi.

Kabla ya siku ya matibabu

• Mweleze daktari dawa zote unazotumia, zikiwemo za mitishamba. Dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini na aspirini huenda zikasimamishwa kwa muda, nayo metfomini ya kisukari inaweza kuhitaji mpango maalum. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako mwenyewe.

• Taja mzio wowote, ugonjwa wa figo, pumu, au uwezekano wa ujauzito.

• Beba picha na majibu yote ya zamani, pamoja na barua ya rufaa na kitambulisho.

• Fuata maagizo kuhusu chakula. Kwa kawaida mgonjwa huambiwa asile kwa muda wa saa 6 hivi kabla ya utaratibu unaohitaji dawa ya kutuliza.

• Nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani.

• Soma fomu ya idhini kabla ya kutia sahihi. Usipoielewa, omba ielezwe kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Hiyo ni haki ya kila mgonjwa.

Baada ya kurudi nyumbani

Mgonjwa aliyetobolewa kinenani hulala kwa saa kadhaa bila kukunja mguu, na hapaswi kubeba mtungi wa maji, kuni au mzigo mwingine mzito kwa siku chache. Aliyewekewa mrija aonyeshwe, yeye pamoja na anayemtunza, jinsi ya kusafisha ngozi, kumwaga mfuko na kuandika kiasi kinachotoka kila siku. Mrija wa figo huhitaji kubadilishwa, kwa kawaida kila baada ya miezi 3 hivi. Tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi, kwa sababu mrija uliosahaulika huziba na kuleta maambukizi.

Mgonjwa arudi hospitalini mara moja, hata ikiwa ni usiku, akiona mojawapo ya dalili hizi: damu inayotoka kwenye tundu bila kukoma hata baada ya kukandamizwa kwa nguvu, homa na kutetemeka, mguu au mkono uliotobolewa kuwa baridi, mweupe au kufa ganzi, mrija kuchomoka au kuacha ghafla kutoa kitu, kupumua kwa shida, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua.

Maswali ya kumuuliza daktari

Ugonjwa huu unaweza kutibiwa bila upasuaji? Ni nini kitatokea nikisubiri mwezi mmoja? Kati ya njia zilizopo, ipi ina hatari zaidi kwangu? Nitahitaji kurudi mara ngapi? Gharama yote ni kiasi gani, ikiwemo mirija na vifaa?

Wagonjwa wengi huona haya kuuliza, wakidhani wataonekana wanamfundisha daktari kazi. Kuuliza si utovu wa adabu. Mwenye kidonda cha mguu ambacho hakijaonyesha dalili ya kupona kwa wiki 2, mwenye damu ya hedhi inayozidi kiasi, au mwenye mkojo uliopungua ghafla asisubiri siku ya soko wala mwisho wa mwezi. Afike katika kituo cha afya kilicho karibu wiki hii, aeleze dalili zake zote, na aulize kama anahitaji rufaa.